Sifuri iko wapi?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili na ushee, na wapo walioniandikia kuuliza kulikoni. Sijaumwa, ingawa mgongo umenisumbua. Sijafukuzwa kazi, ingawa kuna wakati niliona dalili. Nilikuwa nahangaika na meza.

Ndiyo, meza. Usicheke kwanza.

Mwaka jana nilianguka na bodaboda kwenye ule mteremko wa kwenda Ipogolo. Dereva aliamka, akapangusa suruali na kuangalia kioo cha pikipiki yake. Mimi niliamka na mgongo ambao tangu siku hiyo haujanisamehe. Kazi yetu hii ya kuandika habari ni ya kukaa, jamani. Watu wanadhani mwandishi yuko barabarani saa zote na kalamu sikioni. Ukweli ni kwamba saa mbili unatafuta habari, saa sita umekunja mgongo mbele ya kompyuta unaisubiri simu ya mhariri.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia maneno machache: kaa nusu saa, simama nusu saa. Ukikaa au ukisimama, kiwiko kikunjwe kama kona ya kitabu na meza ije chini yake tu. Ikiwa juu, mabega yatauma. Ikiwa chini, utainama na tutarudi kulekule.

Ikatokea shirika moja linafunga ofisi zake hapa mjini na linauza samani. Katika rundo la viti vilivyochoka nikaiona: meza ya umeme, ile inayopanda na kushuka ukibonyeza kitufe. Ubao wake ulikuwa umepasuka, ndiyo maana hakuna aliyeitaka. Nikalipa, nikaipakia kwenye kirikuu, nikaenda zangu kwa fundi seremala wa Kihesa. Akanigongea ubao mpya wa mbao za paini za Mufindi, mzito, unanukia msitu.

Tatizo likaonekana nyumbani. Meza hizi zina kidude cha vitufe chenye kioo kidogo kinachoonyesha kimo kwa sentimita. Vitufe vyangu vilikuwa vizima. Kioo kilikuwa kimekufa kabisa, labda kwa safari ya kirikuu, labda kilikufa kabla sijakinunua. Meza inapanda, inashuka, lakini haisemi imefika wapi.

Mama yangu ni fundi cherehani, ana miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hiyo. Akaja, akaitazama ikipanda, akasema, "Mwanangu, kwani futi kamba zimeisha madukani?"

Swali la haki. Hata wewe ndugu msomaji nadhani unaliuliza. Kwa nini nisichukue futi kamba, nikapima, nikamaliza? Ili nikujibu lazima nikupeleke kwanza Mtera, tena kwa aibu.

*

Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme, mvua zimegoma, na kila chumba cha habari kilitaka habari ya mabwawa. Mimi niko Iringa, Mtera iko zaidi ya kilometa mia moja kutoka hapa ukishika barabara ya Dodoma, barabara inayopita juu ya bwawa lenyewe. Nani aandike kama si mimi? Nikaandika. Nikaeleza kwamba Mtera ina mitambo ya megawati 80, kwamba maji yakitoka hapo yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu ya megawati 204, kwamba bwawa likiumwa Mtera homa inafika Kidatu. Hayo yote sahihi. Halafu nikaandika sentensi iliyonitoa jasho: kwamba kina cha maji kikishuka chini ya mita 690, mitambo hutakiwa kuzimwa.

Kina. Mita 690.

Mhariri hakuona. Msanifu hakuona. Gazeti likatoka. Saa nne asubuhi simu ikaita, namba nisiyoijua, sauti ya mzee.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika habari ya Mtera? Kijana, Ziwa Victoria mahali penye kina kirefu kabisa ni mita themanini na kitu. Hilo bwawa lako la mita mia sita na tisini limechimbwa na nani?"

Wadau, kuna aina ya ukimya ambao ukikupata unasikia hadi damu masikioni. Mzee akanieleza taratibu, bila kunitukana, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mita 690 si kina. Ni kimo cha uso wa maji kutoka usawa wa bahari. Bwawa likijaa kabisa uso wake unakuwa mita 698.5 kutoka baharini. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Ukitoa, unabaki na mita 8.5. Hizo nane na nusu ndizo nchi ilikuwa inazililia. Mwaka 2006 uso wa maji ulishuka chini ya ile alama ya 690, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka giza lake. Siyo kwamba maji yalikuwa yameisha kutoka mita mia saba. Yalikuwa yamepungua kwa kimo cha nyumba ya ghorofa mbili hivi, basi.

Gazeti lilichapa masahihisho, mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Mhariri hakunifokea. Aliniambia tu, "Siku nyingine, namba usiyoielewa usiipe kazi." Kwa miezi kadhaa baada ya hapo habari za maji na umeme alipewa mwenzangu. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani.

Nilimtafuta yule mzee. Anakaa Gangilonga, amestaafu, maisha yake ya kazi aliyamaliza akipima maji ya mito, pamoja na huu Ruaha Mdogo unaopita hapa Ipogolo, unaokwenda kuungana na Ruaha Mkuu na hatimaye kuingia Mtera. Akanichorea kwenye karatasi ubao wa kupimia unaosimikwa mtoni, una alama kama rula. Ukisoma 2.40 pale, bado hujajua kitu, alisema. Lazima ujue alama ya sifuri ya ubao huo iko kimo gani. Ubao mwingine sifuri yake ipo karibu na kitanda cha mto, mwingine ipo juu zaidi. Mafuriko yanaweza kuung'oa, ukasimikwa upya mahali tofauti, na asiyejua akaendelea kusoma kama zamani. "Ukipewa kimo," akaniambia, "swali la kwanza si ngapi. Swali la kwanza ni kutoka wapi."

Sasa umeelewa kwa nini sikuridhika na futi kamba? Meza ile ilikuwa na namba ndani yake na mimi sikuzijua. Nilikuwa na deni na namba.

*

Nikampeleka kidude kwa rafiki yangu mmoja, fundi simu wa pale Miomboni. Akakifungua, akakinusa (mafundi wa simu wananusa kila kitu), akasema kioo hakiponi. Ila akaona jambo. Waya unaotoka kwenye kidude kwenda kwenye kisanduku cha mota una plagi kama ile ya waya wa intaneti, na ndani yake mna nyaya nyembamba kadhaa. "Kioo hakipimi kitu," akasema. "Kinaambiwa. Anayejua kimo ni kile kisanduku. Tukae katikati tuwasikilize wanachoongea."

Basi jioni moja akaja na bodi ndogo ya Arduino na kompyuta yake yenye vitufe vitatu pungufu. Akaunga waya mmoja wa kusikiliza na mmoja wa ardhi, akaweka kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, akasema, "Bonyeza juu." Nikabonyeza. Namba zikaanza kumwagika kwenye kompyuta kama mahindi kutoka gunia lililotoboka.

Tukaziandika kwenye daftari. Baada ya muda tukaona zinakuja kwa mafungu ya tisatisa. Kila fungu linaanza na 155 na kuishia na 157. Baada ya 155 inakuja 7, halafu 18. Hizo hazibadiliki wakati meza inapanda. Mwisho kabla ya 157 kuna mbili zinazorukaruka ovyo, ambazo fundi alisema ni za kuhakiki tu kwamba ujumbe haujaharibika njiani. Zilizobaki ni tatu za katikati. Kimo, kama kipo, kimo humo.

Meza ikiwa chini, usawa wa kukaa, zile tatu zilisema: 7, 219, 109.

Nikaruka. Saba! Meza iko kwenye sabini na kitu, nilikuwa nimepima kwa macho. Namba ya kwanza ni makumi! Tukapandisha ifike themanini, nikisubiri nione 8. Ikaja 127. Tukapandisha tena, tisini na kitu: 111. Tukapita mita moja: 6.

Jamani. Meza inapanda, namba inatoka 7 kwenda 127, inashuka 111, inaanguka 6. Nilijaribu kujumlisha, kuzidisha, kugawa kwa kumi. Nilijaza kurasa nne za daftari. Fundi akanywa chai yake, akaondoka, akaniacha na mahesabu. Usiku ule nililala na mgongo unauma na kichwa nacho kimejiunga.

Kesho yake tukabadilisha mbinu. Badala ya kuipandisha kwa pupa, tukawa tunadonoa kitufe, meza inapanda kidogo kidogo, na tunatazama ile namba ya tatu peke yake. Tukiruka moja tunashuka tena. Ikawa hivi: 63, 6, 91, 79, 102, 109, 125, 7, 127, 111. Halafu? 63 tena. Halafu 6. Halafu 91.

Kumi. Zilikuwa kumi tu, zinazunguka.

Fundi akainua mikono kama mtu aliyefunga bao Samora. Akanyoosha mkono, akachukua kikokotoo chake cha dukani, akabonyeza 8. "Tazama nane. Ina vijiti saba vya taa na vyote vimewaka. Kimoja kina thamani ya 1, cha pili 2, cha tatu 4, halafu 8, 16, 32, 64. Jumlisha."

Nikajumlisha. 127.

"Moja inawasha vijiti viwili vya upande wa kulia. Mbili na nne."

Sita.

Kumbe kisanduku hakikuwa kinatuma kimo. Kilikuwa kinatuma mchoro. Kinakiambia kioo: hapa washa kijiti hiki na hiki, hapa washa vyote. Namba 91 haimaanishi tisini na moja ya kitu chochote duniani. Inamaanisha umbo la mbili. Na ile 7 iliyonifanya niruke, yenyewe ni bahati mbaya tu: umbo la saba linawasha kijiti cha 1, cha 2 na cha 4, jumla yake ikawa saba. Nilipata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na ndiyo hiyo iliyonipoteza usiku mzima.

Ile 219 ya katikati? Ni 91 pamoja na 128, na 128 ni nukta ya desimali. Kwa hiyo 7, 219, 109 ikawa saba, mbili yenye nukta, tano. Sentimita 72.5. Na tulipopita mita moja namba ya kwanza ikawa 6 kwa sababu tarakimu ya kwanza ni moja. Hapo meza inaacha desimali na kusema 100, 101, 102.

Tukaandika programu fupi, tukaibandikia kioo kipya cha bei rahisi. Kikawaka: 72.5. Nilikipiga picha kama mzazi aliyepata mtoto.

Mama akaja na futi kamba yake shingoni, hakusema neno, akapima kutoka sakafuni hadi juu ya ubao. "Sabini na nne na pointi moja," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

*

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa Gangilonga.

Tukapima mahali pengine. Kioo 90.0, futi kamba 91.6. Kioo 105, futi kamba 106.6. Tofauti ileile kila mahali, sentimita 1.6. Ingekuwa inabadilika ningesema meza ina wazimu. Lakini kosa lisilobadilika lina mwenyewe. Nikaenda stoo nikatafuta kipande cha ule ubao wa zamani uliopasuka. Unene wake sentimita 2.2. Ubao wa fundi wa Kihesa, 3.8. Toa.

Meza ilikuwa inasema ukweli wa ubao ambao haupo tena. Ubao wa kupimia umesimikwa upya na msomaji anaendelea kusoma kama zamani. Tukaongeza 1.6 kwenye programu na mambo yakanyooka.

Nilidhani tumemaliza. Siku mbili baadaye umeme ukakatika meza ikiwa katikati ya kupanda. Uliporudi, kioo changu kipya kikaonyesha upuuzi. Nikatazama namba zenyewe: 80, 109, 120. Ile 109 naijua, ni tano. Lakini 80 na 120 hazimo kwenye orodha ya kumi. Nikachora vijiti kwenye karatasi. 80 ikatoa r ndogo. 120 ikatoa t. Na umbo la tano ni umbo la herufi S. Meza ilikuwa inaniandikia r-S-t: nianzishe upya.

Maana meza hizi, nimejifunza, hazipimi kimo hata kidogo. Ndani ya miguu kuna vihisi vinavyohesabu mizunguko ya mota. Kisanduku kinajua mizunguko mingapi imepita tangu ilipogusa chini, basi. Ikikatiwa hesabu katikati inaweza kupoteza imani na namba yake, na hapo inakataa kupanda mpaka uishushe chini kabisa, ikite, ianze kuhesabu tena kutoka pale. Niliishikilia ile kitufe ya chini, meza ikashuka taratibu, ikagusa, ikatikisika kidogo. Ikarudi kwenye akili.

Sikuficha kitu, iliniingia. Kifaa kimepoteza sifuri yake, kikasema wazi: sijui nilipo, nirudishe chini nianze upya. Mimi nilipopewa mita 690 sikusema sijui. Niliweka neno "kina" kwa sababu sentensi ilihitaji neno na saa ya kufunga ukurasa ilikuwa imefika.

*

Wiki iliyopita mhariri alinipigia. Mwenzangu yuko likizo, kuna habari ya mabwawa, naweza? Nikasema naweza. Nilipomhoji mhusika alinitajia kimo cha maji kwa kujiamini kabisa, mita kadhaa na pointi kadhaa. Nikamuuliza, "Kutoka wapi, mkuu?" Akanyamaza kidogo. Akasema ngoja nikuulizie. Akapiga simu baada ya saa nzima, na sentensi niliyoiandika ilikuwa ndefu kuliko mhariri anavyopenda: uso wa maji uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, umebakiza mita ngapi kufika kiwango cha chini, na mita ngapi kujaa. Hakuikata. Mzee wa Gangilonga naye hakupiga simu, na kwangu ukimya wake ni sifa tosha.

Sasa naandika haya nimesimama. Kioo kinasema 106.6, viwiko vyangu viko kona ya kitabu, mgongo unanung'unika kwa adabu.

Jana nilimkuta mama anaitumia meza yangu. Ametandaza kitenge, anakata, amesimama wima. Miaka yote hiyo amekata vitambaa ameinama juu ya meza ya chini, na mimi mwenye mgongo wa mwaka mmoja nilikuwa sijawahi kumuuliza wake ukoje. Nikamwambia, mama, nikuwekee namba yako kwenye programu, utabonyeza tu. Akacheka. Akanionyesha ukutani, pembeni ya meza. Alikuwa ameshachora mistari miwili kwa chaki yake ya nguo: mmoja wake, mmoja wangu.

Nikapima ule wangu kwa futi kamba, kutoka sakafuni. Mia moja na sita na nusu.

Amenipunja milimita moja. Nimemwacha.

Alamsiki.